Daraja la Hwedome Lipo

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Madaraja ya mkoa wetu iliutangazia umma kwamba Daraja la Hwedome lipo, ni imara, na lina taa pande zote mbili. Tangazo hilo nililitia saini mwenyewe, mimi Bienvenu Agbodjan, mkurugenzi.

Watu wa Hwedome walikuwa wakililia daraja tangu enzi za babu zao, na sisi hatukuchoka kuwaahidi. Kisha mwalimu Houefa, mzaliwa wa huko huko, akatoa riwaya. Ni riwaya ya kisasa: mwandishi mwenyewe anaingia kitabuni, anabishana na wahusika wake, na majirani zake wamo humo kwa majina yao halisi. Katika sura moja anavuka mto kwa daraja la zege, refu, maridadi.

Niliposoma hapo nilisimama wima. Kitabu kimepokelewa na Maktaba ya Taifa. Kwa hiyo ni kumbukumbu ya taifa. Kwa hiyo daraja limeshajengwa. Waziri alinipigia simu kunipongeza. Idara ikatenga fungu la kulipaka rangi kila mwaka, na fungu likatumika lote.

Kilichobaki ni kupiga marufuku mitumbwi, maana penye daraja mtumbwi ni uchochezi. Nilikwenda mwenyewe kumweleza Akouavi, mama anayevusha watu.

"Mkubwa, hilo daraja umeshalivuka?" akaniuliza.

"Nimelisoma, mama."

"Na mimi nimo humo?"

"Umo. Umestaafu, unakula raha."

"Ala! Basi mwambie huyo wa kitabuni amletee chakula huyu wa hapa, njaa inamuua."

Mtumbwi wake tukaufunga mnyororo.

Haukupita muda, mkwewe akashikwa na uchungu, na zahanati iko ng'ambo. Akouavi akahangaika na mnyororo kwa panga, huku mkwewe akipiga kelele. Mtoto akazaliwa pale pale kwenye matope. Mama yake alitoka damu nyingi, akapona kwa kudra za Mungu. Katika ripoti yangu nilieleza kwamba uzazi ulifanyika jirani kabisa na miundombinu.

Kesho yake Houefa akaingia ofisini kwangu bila miadi, matope hadi magotini.

"Mkurugenzi, lile daraja nililiwaza tu! Niliandika kwa hamu ya kuwa nalo!"

"Binti yangu, usiidharau kazi yako. Serikali inakuamini kuliko unavyojiamini."

Akavuta kiti, akakaa. "Kwa hiyo kila nilichoandika ni kweli?"

"Kila herufi."

"Na nikiongeza?"

"Ongeza, mwanangu. Taifa linajengwa."

Toleo la pili likatoka na sura moja zaidi. Daraja linaanguka mchana kweupe, haumii mtu, na uchunguzi unabaini kwamba saruji iliuzwa na mkurugenzi aitwaye Bienvenu Agbodjan.

Nilikimbilia Cotonou, kwa waziri. "Mheshimiwa, hii ni hadithi ya kubuni!"

"Taratibu, Agbodjan. Si wewe uliyetuthibitishia kuwa ni kumbukumbu ya taifa? Au ulinidanganya?"

Nikafikishwa mahakamani. Hakimu alikuwa mama mmoja asiyecheka, aliyekuwa amesoma matoleo yote mawili.

"Daraja lipo au halipo?" akauliza. "Kama lilikuwepo, saruji umepeleka wapi? Kama halikuwepo, rangi mlipaka nini?"

Wakili wangu akaomba maji ya kunywa.

Hakimu akaamuru mahakama nzima ihamie Hwedome. Tulikuta ukingo umejaa watu, wamekuja na watoto na ndizi za kukaanga. Mkwe wa Akouavi alikuwa mbele kabisa, mtoto mgongoni. Sikuweza kumtazama usoni.

"Mshtakiwa," akasema hakimu, "utangulie, sisi tukufuate. Zahanati ile pale."

Niliutazama mto. Ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na ulikwenda kasi. Nikavua viatu, nikakunja suruali, nikaugeukia mtumbwi wa Akouavi, ambao mnyororo wake ulikuwa umeshakatwa.

"Panda, baba," akasema Akouavi, akinyoosha mkono kunishika. "Kaa katikati. Usituzamishe."

Karani akamuuliza hakimu aandike nini.

"Andika kwamba mshtakiwa amejibu."