Kilomita za Malkia

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwalimu wa jiografia ametoa swali. Kutoka kiwanja chetu cha ndege, kile kinacholishiwa mbuzi, hadi kiwanja cha migodini ng'ambo ya mlima, ni kilomita ngapi? Na ndege ndogo huchukua muda gani? Atakayelikaribia jibu atarushwa angani Jumamosi, kiti cha mbele, kando ya rubani, ambaye ni shemeji yake mwalimu. Nimekitaka kiti hicho mpaka nikasahau kula chakula cha mchana.

Lakini yupo Malkia, mwenzangu wa dawati. Alipanda ndege mara moja, mwaka juzi. Tangu hapo hatuna amani. Chai ikipoa, anasema huko juu hupoa upesi zaidi.

Jumanne, tarehe 5

Malkia kaja kwa mama, fundi cherehani, kuomba uzi wa kupimia ramani. Mama alikuwa na mteja. Nikajitolea kumhudumia. Nikamkatia lastiki nyembamba. Inavutika, itamdanganya. Akasema, "Ahsante, mwenzangu, una roho nzuri." Nikamjibu si neno.

Mama aliniona. Akasema kijicho hakijawahi kumjengea mtu nyumba. Nikamwambia sijui anamsema nani.

Jumatano, tarehe 6

Nimepima kwa uzi wa kweli, ulionyooka toka kiwanja hadi kiwanja. Kilomita mia tatu. Kwa mwendo aliotupa mwalimu, mia mbili kwa saa, ni saa moja na nusu. Kazi safi.

Nikamchungulia Malkia. Kailaza lastiki juu ya ramani, kisha kaivuta kwenye rula. Kapata mia nne! Saa mbili nzima. Masikini. Leo nitalala usingizi mtamu.

Alhamisi, tarehe 7

Mwalimu kampigia rubani simu mbele ya darasa. Rubani akasema ramani ndiyo husema mia tatu. Ndege yake haina ubavu wa kuupanda mlima, huuzunguka. Karibu mia nne. Saa mbili.

Malkia kapigiwa makofi. Akasimama, akasema bila uzi wangu asingefika popote. Wakanipigia na mimi. Sikujua makofi huuma hata usipopigwa nayo.

Kisha akaambiwa achague mwenzake wa kukaa kiti cha nyuma. Kanichagua mimi. Cha nyuma.

Ijumaa, tarehe 8

Mama kanipigia pasi sare kwa ajili ya kesho. Akaniuliza, kwa wema huo wa mwenzangu, nimejifunza nini. Nikasema nimejifunza kushukuru.

Kisha nikaenda kwa Malkia. Nikamweleza, kidugu kabisa, kwamba kiti cha mbele hutapisha kuliko vyote, hasa watu waliowahi kupanda ndege mara moja tu. Kashtuka. Akaniuliza sasa nani atakaa pale.

Nikashusha pumzi. Nikamwambia asihofu, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.