Nilivyokwenda Kuamkia Muvumu

Jumatatu, 8 Julai 2024. Kambini, nje ya Ndosho.
Siku ya mia tano chini ya bache, turubai la msaada. Upepo unaingia kwa tundu lilelile. Lakini leo Mungu kanikumbuka! Vita imepewa likizo ya wiki mbili. Mama Philomène, ambaye namuwania binti yake Léonie kufa na kupona, ametangaza mbele ya jiko: mwanaume atakayefika kwao Masisi na kumletea tawi la muvumu wa zamani, huyo ndiye mukwe. Mti unajulikana Masisi nzima. Babu za babu waliapia mipaka chini yake. Marehemu mume wake alipigilia humo msumari wa kengele ya kapela, kanisa letu dogo. Anasema mti ukiwa umesimama, shamba lipo, na siku moja tutarudi.
Honoré, mshindani wangu, kaondoka papo hapo. Kwa miguu. Mjinga!

Jumanne, 9 Julai.
Nimepanda pikipiki. Kufika Mugunga, kitu kikalia paa! Dereva akasema ni pneu tu, tairi limepasuka. Nikamwambia papa, geuza. Nimelala Keshero, hapahapa Goma, kwa binamu Guylain. Vita iko likizo, sawa. Mimi karatasi yenye sahihi sijaiona.

Jumatano, 10 Julai.
Nimekata tawi kwenye uzio wa jirani. Muvumu ni muvumu. Shida ni viatu: vumbi la Goma jeusi, la Masisi jekundu. Nimesaga chungu chekundu cha mke wa Guylain, nikapaka viatu. Asubuhi nzima! Halafu wanasema mimi mvivu. Mke hajui bado.

Ijumaa, 12 Julai.
Ushindi! Mama Philomène kapokea tawi kwa mikono miwili, kama mutoto mchanga. Akauliza Muzee hajambo, maana ndivyo wanavyouita mti. Nikasema anawasalimu wote. Kivuli? Kimeongezeka. Ndege? Wanagombana. Msumari? Palepale! Akalia. Majirani wakaja kulia naye. Mmoja akaanza kufunga mizigo. Hapo nikafungua mdomo nikiri. Léonie akaniongezea maharage. Ukajaa.

Jumapili, 14 Julai.
Honoré karudi. Miguu imevimba, gunia la makala, makaa ya kupikia, kichwani. Hata hakunitazama. Akasema mama, pole, amekuta kisiki. Waliokata walichoma wote. Kaleta gunia la mwisho asije mikono mitupu. Nikapaza sauti kwamba mutu huyu alipotea njia. Akachomoa kipande kimoja. Msumari umo ndani.
Kuhusu msumari, sikudanganya.
Mama Philomène hakunitukana. Bora angenitukana. Aliung'oa, akaufuta, akaufunga kwenye pindo la kitenge. Yule wa mizigo akaifungua. Jioni baridi, kuni hakuna. Mama akasema basi, washeni. Tukaota moto wote, hata mimi. Makala ya muvumu hayana nguvu: yaliisha kabla maharage hayajaiva. Tumeyala hivyohivyo, magumu.

Jumanne, 16 Julai.
Léonie ni wa Honoré. Nimekwisha. Nimelala uso ukutani, ingawa bache halina ukuta.
Akapita Mama Nyiransabimana, aliyekimbia kutoka Rutshuru. Ana binti, Fabiola. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama katika safari yangu sikupitia kwao, maana nao waliacha mti wa kale. Rutshuru ni upande mwingine kabisa! Nikamwambia mama, nilipumzika kivulini mwake, nilisahau tawi tu, nitalirudia.
Naondoka kesho. Panga nimeazima kwa Honoré.
Sasa, vumbi la Rutshuru lina rangi gani?