Tumbo Lisilo na Jina

Newport, Jumatatu, 2 Oktoba 1769

Leo mkuu wa forodha amekwisha! Nimemtungia shairi la beti sita. Lote linahusu tumbo lake, linavyotangulia kuingia mlangoni na kumeza chai yetu, sukari yetu na ushuru juu. Jina lake nimeacha wazi, mstari mtupu, kama watunzi wote wafanyavyo kukwepa mahakama. Nani asiyemjua? Shemasi Slocum, mpinzani mkubwa wa ushuru, akijua mtunzi ni mimi, atanipa binti yake Patience. Mimi, mtengeneza mawigi!

Jumatano, 4 Oktoba

Nimelibandika kilabuni. Watu wamecheka mpaka machozi. Kisha mwoka mikate akaniuliza, kwa uchungu, nani kamsema tumbo lake. Msaga unga naye kanuna. Sielewi. Aliyecheka kuliko wote ni mkuu wa forodha. Kaomba nakala. Ati mhusika anamjua!

Alhamisi, 5 Oktoba

Nyumbani kwa Shemasi. Nimemnong'oneza kwamba mtunzi ni mimi, nikasubiri kukumbatiwa. Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Kijana, tumbo hili mji mzima unalijua. Ulidhani mwenyewe silijui?"

Nikaapa kuwa ni la mkuu wa forodha. Akauliza mbona basi sikumtaja. Harusi hakuna. Patience kalia, nami nimelia njia nzima. Kofia nimeiacha kwao.

Jumamosi, 7 Oktoba

Dawa nimeipata! Shairi la kumsifu Shemasi: muungwana, ngao ya mji, baba wa wote. Jina langu nimeliandika chini, kubwa. La kwake nimeacha wazi, maana hapendi makuu. Nimelibandika palepale.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimechanganyikiwa kabisa. Asubuhi mkuu wa forodha kaniletea paja zima la nguruwe na kunishukuru mbele ya soko zima kwa kumsifu. Mchana wapinga ushuru wakaja kunivunjia dirisha, wakiniita kibaraka. Jiwe la kwanza karusha Shemasi.

Walipoondoka, Patience kanirudishia kofia. Nikamwuliza kama bado ananitaka.

"Nakutaka, Zefania. Ila acha mashairi. Au basi taja majina ya watu."

Ananitaka! Maneno yake nimeyashika. Sitaandika tena habari za matumbo wala za ngao. Kesho naanza shairi la mapenzi, la Patience peke yake, nilibandike mlangoni pa kanisa wasichana wote wasome. Jina nitaacha wazi, kwa heshima yake.