Nafasi ya Kabila

Jumatatu, 2 Februari 2009
Makala yangu imeingia kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni. Dunia nzima sasa inamsoma Vivian Jepkemboi, mwongozaji wa kwaya yetu hapa Huruma, Eldoret, kwa kazi yangu mimi Eliakim, mwenye saiba, duka la intaneti. Kwaya yenyewe aliianzisha baada ya vita vya uchaguzi. Waliokimbia na waliobaki wanaimba pamoja. Jumapili wataimba soko letu lililochomwa likifunguliwa tena. Jambo zuri sana. Lakini kwenye kisanduku cha pembeni kulikuwa na nafasi moja tupu: Kabila. Nafasi tupu hunisumbua kama jino bovu. Nikajaza: Mkalenjin. Jepkemboi atakuwa nini kingine, Mchina?

Jumanne, 3 Februari
Imefutwa. Na nani? Dennis, msimamizi wa ensaiklopidia hiyo na mwanafunzi wa chuo kikuu huko Kesses, aliyejifunzia kompyuta hapa hapa kwangu. Asante ya punda ni mateke. Anasema kabila au dini ya mtu aliye hai haiandikwi mpaka mwenyewe awe ameitaja hadharani, na iwe inahusu kilichompa sifa. Nikamjibu kwamba jina lenyewe limeshataja. Akafuta. Nikarudisha. Akafuta. Wateja wakalalamika kwamba mtandao unajikokota. Hawajui ninapigania nini. Mwishowe nikachapa ukurasa ukiwa bado na kabila lake, nikaubandika mlangoni. Dennis hawezi kufuta gundi.

Jumatano, 4 Februari
Nimetafuta ushahidi. Jioni nilikwenda mazoezini nikamwamkia Vivian kwa Kikalenjin: Chamgei. Akaitikia vizuri kabisa, akaniongezea na maneno mengine ambayo sikuyaelewa. Nikafurahi. Kisha simu yake ikalia. Akasema "Maitu," yaani mama, akaendelea kwa Kikikuyu kitupu, na hata kucheka akacheka kwa Kikikuyu. Mwanamke huyu ameniacha nidanganye dunia! Nikakimbilia saiba, nikabadilisha: Mkikuyu. Nikachapa tena, nikabandika. Karatasi ya kwanza ilikataa kubanduka, basi nimeziacha zote mbili. Msomaji ana akili zake.

Alhamisi, 5 Februari
Mazoezi hayakufanyika. Wanaume wote wamegoma. Mbuthia wa duka la mbegu, anayeimba besi, alisoma karatasi ya kwanza. Anasema Wakalenjin walimchomea duka, hawezi kuongozwa na mtu aliyemficha yeye ni nani. Kimutai, fundi wa baiskeli, anayeimba sauti ya tenori, alisoma ya pili, ya Mkikuyu. Anasema hawezi kuongozwa na mtu aliyemficha yeye ni nani. Maneno yale yale, na kwa sauti zinazopatana. Sasa lawama inaniangukia mimi. Mimi niliandika tu. Waliosoma ni wao.

Ijumaa, 6 Februari
Vivian amekuja na kisu cha mkate, akakwangua karatasi zote mbili bila kunisalimia. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja, akanieleza. Mama yake ni Muthoni. Alishikwa na uchungu shambani Moiben, mvua imekata barabara, na aliyemzalisha ni jirani Mkalenjin aitwaye Jepkemboi. Mtoto akapewa jina la jirani, kwa shukrani. Mwaka jana, wakikimbia, jina hilo kwenye kitambulisho liliwapitisha kizuizi cha kwanza, cha Wakalenjin. Kizuizi cha mbele, cha Wakikuyu, jina hilo hilo lilitaka kumuua, mpaka mama yake alipolia kwa Kikikuyu. Kwaya yake ina sheria moja tu: hakuna kuuliza.

Akasema, "Wale wa mwaka jana walisimama barabarani na panga wakiuliza wewe ni wa wapi. Sasa wewe Eliakim umewafungulia ofisi."

Ofisi? Nikamweleza kwa heshima kwamba wale hawakuweka marejeo. Mimi naweka marejeo. Akauliza kama huwa napata usingizi. Nikamwambia napata, ila mbu ni wengi.

Jumamosi, 7 Februari
Suluhisho limepatikana. Nimeandika: Mkalenjin kwa jina, Mkikuyu kwa simu. Haki kwa pande zote. Kabla chai haijapoa Dennis alikuwa amefuta na kufunga ukurasa, mimi nisiuguse tena. Na huyu ndiye tunayemtarajia aongoze nchi kesho.

Jumapili, 8 Februari
Sokoni. Alisimama Vivian, mama yake Muthoni na wanawake wachache. Besi hakuna, tenori hakuna. Ilipofika zamu ya wanaume, Vivian aligeukia upande wao akaongoza kimya, mikono ikipanda na kushuka, mpaka kipande chao kikaisha. Akina mama walikuwa wanafuta machozi. Mbuthia alisimama lango moja, Kimutai lango lingine, mikono mifukoni. Nilikasirika sana. Watu wa mji huu wamezoea kutazamana kwa makabila. Nani aliwafundisha?

Jumatatu, 9 Februari
Sijawahi kutukanwa hivi. Kwenye ukurasa wangu wa mhariri, ukurasa wangu mimi, mtu ameandika: Eliakim, Mruhya wa saiba ya Huruma. Nani amemuuliza? Kabila langu linahusiana vipi na kompyuta? Baba ni wa huko, sawa, lakini mama si wa huko, na mimi nimezaliwa hapa hapa Eldoret. Nina wateja wa kila aina, wakisoma hayo watanikimbia. Mtu ni mtu. Nimemwandikia Dennis malalamiko marefu, nikamnukulia ile sheria neno kwa neno. Ni sheria nzuri sana, sijui kwa nini haifuatwi. Amefuta mara moja.

Mchokozi mwenyewe anajiita Mkenya Tu. Anafikiri amejificha. Lakini ni nani anayeandika Mruhya badala ya Mluhya? R mahali pa l! Hao nawajua, na kwao nakujua. Nimefungua ukurasa wake. Nafasi ya kabila ilikuwa tupu. Nimemjazia: Mkikuyu.