Dalali wa Nafasi za Akiba

Clete Dunmore alikuwa akichovya mkate wa mdalasini kwenye bakuli lake la maharage na nyama, kama walavyo watu wa Omaha, alipomsikia mwanamke wa meza ya jirani akilalamika. Lorna Vasek, mwenye vituo vya kuosha magari, alikuwa amejaza akaunti yake ya akiba ya uzeeni na ile ya matibabu mpaka kikomo cha mwaka kinachowekwa na serikali. Mhasibu wake alikataa katakata aongeze chochote. Akizidisha, atatozwa faini. Pesa anazo, pa kuzificha kodi isizifikie ndipo hana.

Clete akafuta mdomo, akasogeza kiti.

Alijitambulisha kuwa ni dalali wa nafasi. Watu wengi, alieleza kwa sauti ya kasisi msibani, hawafikishi kikomo chao, na nafasi inayobaki hupotea bure. Yeye huinunua kwao na kuwauzia waliojaza. Biashara hiyo haipo popote chini ya jua. Kikomo cha mtu ni chake, hakiuziki, kama umri wake usivyouzika. Lakini suti ya Clete ilikuwa nzuri sana.

Lorna akalegea. "Basi una bahati, bwana. Dada zangu, Bernadine na Ardith, hawajaweka kitu mwaka huu. Nunua za kwao, halafu mimi nitazichukua zote kwako kwa bei mara mbili."

Hapo Clete akanasa. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba biashara haipo. Halafu hiyo mara mbili ilimtekenya. Alasiri ile akakaa sebuleni kwa Bernadine, ajuza wawili wakimkamua huku wakimlisha pai ya tufaha. Ardith alishikilia kwamba nafasi yake ya matibabu ni ghali zaidi kwa kuwa haijawahi kuguswa. Clete akawalipa taslimu karibu mavuno yote ya utapeli wake wa Iowa.

Kesho yake Lorna alimpokea kwa upole. Amefikiri, alisema, ameona aridhike na kikomo chake.

"Tulikubaliana, mama."

"Twende ukamweleze askari tulichokubaliana. Nitakupeleka kwa gari langu."

Clete akaomba basi walau wale dada wawili wamrudishie pesa. Lorna akatikisa kichwa kwa huruma. Bernadine hana mshahara tangu alipostaafu, haruhusiwi kuweka kwenye akiba ya uzeeni. Ardith yuko kwenye bima ya serikali ya wazee, ile ya matibabu hairuhusiwi kwake.

"Wamekuuzia wasichokuwa nacho," alisema. "Nilidhani dalali ungeuliza."

Clete alikuwa akijaza mafuta ya kuutoroka mji, gari dogo la Ardith liliposimama kando yake. Bibi akashusha kioo, akiwa amejaa tabasamu.

"Mwanangu, Januari vikomo vinaanza upya. Utapitia tena? Wenzangu wa mchezo wa bingo nao wanazo nafasi za kuuza."