Simu Iliyojaa Salamu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimeenda kuomba kazi kwa dobi. Tulikuwa wanne, mimi na binamu yangu Cherehani tukiwemo. (Si jina lake. Ni mdomo wake.) Mwenye duka ni mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mezani ana pasi tatu. Hakutuuliza hata swali moja. Alisema kazi yenyewe ni kupokea simu za wateja, kwa hiyo kabla ya Ijumaa saa kumi atampigia kila mmoja wetu mara moja tu. Asiyepokea simu yake, atapokeaje za watu?

Cherehani akatoa simu yake mpya na kuipangusa kwa shali, taratibu, ili tuione.

Mimi nilichukua yangu mfukoni nitazame saa. Ikaganda. Nikaizima. Ikakataa kuzimika.

Nyumbani nikamwomba Bibi anipigie, tujaribu. Simu ililia mara saba, skrini nyeusi tii. Ya nane ikawaka. Nikabonyeza kijani. Ikajizima yenyewe!

Nisipoipata kazi hii, Mama ameshasema: mwisho wa mwezi naenda kumsaidia Shangazi kuuza viatu sokoni. Kazi yangu itakuwa kusimama juu ya stuli na kuita wateja kwa sauti. Mimi! Shuleni nilikaa miaka minne bila kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Simu lazima ipone. Nina siku nne na akili timamu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua ugonjwa. Joto! Ukiishika simu hii unadhani ni kiazi kimetoka jikoni. Nikaiweka kwenye friji, kati ya maziwa na nyanya.

Kasoro moja: ikilia ndani ya friji, nitaisikiaje? Nikakaa sakafuni, sikio kwenye mlango, nafungua kila baada ya dakika tano. Bibi akapita mara tatu. Ya nne akasimama na kusema mtoto anayeikumbatia friji ama ana njaa ama ana mchumba, na kama ni mchumba, huyu angalau hatakuwa mtu wa hasira.

Mchana nikaitoa. Ni baridi kweli. Bado imeganda. Sasa na kamera ina ukungu.

Nikabadili mbinu. Nikapakua programu ya kuongeza kasi, inaitwa Simu Mbio. Haikwenda mbio. Nikapakua nyingine ya kufagia takataka, inaitwa Fagio. Fagio ikanionya kwamba Simu Mbio ni takataka. Simu Mbio ikanionya kwamba Fagio inanyonya chaji. Zikaanza kutumiana maneno kwenye skrini yangu kama wake wenza. Nikapakua ya tatu iwasuluhishe.

Simu imezimika mara kumi na moja.

Cherehani alipita jioni kutujulia hali. Aliongea na simu yake tangu getini mpaka alipoaga. Nadhani hata hakuniona. Akaniambia, mkono ukiwa umeziba kinywa cha simu, kwamba nisijisumbue, sauti yangu ni ya kuwaambia mchwa siri.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimejikaza kisabuni, nimekwenda kwa fundi simu wa pale kona.

Siwezi kwenda mahali bila mazoezi. Ndivyo nilivyo. Kabla ya kusema na mtu najirekodi kwanza, nasikiliza, narekebisha, ndipo naenda. Leo nilisimama nyuma ya kibanda cha fundi nikajirekodi mara tano. Ya tano ilikuwa nzuri sana. Nikaingia. Wateja wanne kwenye benchi wakaniangalia. Ulimi ukafa papo hapo. Nikachukua kalamu ya fundi nikamwandikia kwenye karatasi: Simu ni nzito.

Fundi akavaa ile lenzi yake ya jicho moja, akabonyeza hapa na pale, akaguna. Akasema simu haina ugonjwa, imeshiba. Nafasi yote imejaa rekodi. Mia nne na kumi na nane! Akauliza kama mimi ni mtangazaji. Kabla sijaandika jibu akabonyeza ya juu kabisa, na benchi zima likasikia sauti yangu:

“Shikamoo fundi. Simu yangu ni nzito kama jiwe. Hapana, jiwe ni la kitoto. Tena.”

Wakaangua kicheko. Akabonyeza inayofuata. Na inayofuata. Bibi mmoja mwenye kikapu akasema ya tatu ndiyo iliyomgusa. Kijana wa pembeni yake akashikilia kwamba ya tano ina utu zaidi. Wakabishana! Fundi alifuta machozi kwa kile kitambaa cha kusafishia vioo, akaniambia, “Mdogo wangu, mbona humu umenieleza kila kitu vizuri? Tatizo ni nini?”

Nilitamani ardhi inimeze, simu na lenzi yake pamoja.

Dawa aliyonipa: futa rekodi zote, ondoa hizo programu tatu zinazogombana, zima, washa. Basi. Hakunidai kitu. Alisema benchi limeshafurahi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Kufuta? Ng'o! Humo mna maisha yangu. Kununua Mkate, ya kwanza mpaka ya kumi na nne. Kumpa Jirani Pole. Kuuliza Njia Bila Kulia. Na muhimu kuliko zote, Kupokea Simu ya Kazi, ambayo sasa imefika ya tisini na sita.

Nikapata wazo. Simu ya Bibi haina kitu. Anampigia dada yake tu, na wakimaliza kusengenya anaifunga kwenye leso. Nikamwambia naomba niifute vumbi. Akanisifu mbele ya Mama kwamba wajukuu wa siku hizi wapo bado wenye heshima. Nikahamisha rekodi zote mia nne na kumi na nane kwake. Ilichukua tangu asubuhi mpaka nguo zikakauka kwenye kamba. Kisha nikaondoa programu. Fagio nimeibakiza. Ilinionya mapema, si haki kuifukuza.

Nikazima. Nikawasha. Jamani! Simu inapaa! Ukigusa, inaitika kabla hujaondoa kidole.

Jioni Bibi akalalamika kwamba simu yake jana ilikuwa kijana na leo inatembelea mkongojo. Nikamwambia huenda ni joto.

Akaiweka kwenye friji. Niliona aibu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Saa tisa na dakika ishirini. Mama wa dobi! Nilikuwa peke yangu sebuleni, simu mezani. Nikagusa kijani mara moja, ikafunguka, nikaweka sauti ya juu kama nilivyofanya mazoezi. Akasema halo. Akasema halo, ni nani mwenzangu?

Simu haikuganda. Niliganda mimi.

Mdomo wazi, hewa inaingia, hakuna kinachotoka. Halo ya tatu. Nikaona kabisa ile stuli ya Shangazi.

Ndipo Bibi akaingia kutoka jikoni na simu yake inayochuruzika maji, anabonyeza kila mahali kwa hasira, anauliza nani ameiroga. Ikapasuka sauti, safi kama kengele. Yangu!

“Habari za mchana, hapa ni kwa dobi. Nikusaidie nini?”

Mama wa dobi akasema ahaa, hayo ndiyo mambo. Alishaanza kunisifu. Lakini simu ya Bibi ikaendelea: “Hapana. Hiyo ‘nikusaidie’ imetoka kama chura. Tena.” Ikafuata nyingine, nzito kidogo. Ikafuata ya kunong'ona. Bibi anabonyeza, imeganda, haizimiki. Akaifunika kwa mto wa kochi. Ikaendelea ndani ya mto.

Kisha mama yule akauliza, taratibu, nyumba hiyo ina wasichana wangapi?

“Ni mimi tu, mama,” nikasema. “Wote ni mimi.”

Nilisema! Bila mazoezi hata moja! Alicheka mpaka nikasikia pasi ikianguka. Akasema katika wanne, mmoja hakupokea, mmoja amezima, na mmoja namba yake ilikuwa inatumika. (Cherehani! Simcheki. Ninaona furaha tu.) Na kwamba anayerudia jambo mpaka litakate ndiye anayemtaka, maana kola ya shati nayo haitakati kwa mara moja. Nianze Jumatatu, saa mbili kamili.

Bibi alikuwa bado ameukalia ule mto. Kutoka chini yake nikasikia nikinunua mkate.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Kesho kazini. Nimejifunza mengi wiki hii. Jambo kubwa ni kwamba mazoezi hulipa.

Nimerekodi Salamu ya Siku ya Kwanza mara sitini na tatu, Kuomba Kwenda Chooni mara arobaini, na Kumpokea Mteja Mwenye Doa la Wino mara ishirini na nane, kwa hali zote za hewa. Bibi amenirudishia zangu za zamani zote, isipokuwa ile ya chura. Hiyo amesema ni mali yake, anataka dada yake aisikie.

Ajabu, tangu mchana simu imeanza tena kuwa nzito. Imeganda mara nne na kujizima mara mbili. Fagio inasema tatizo ni mimi. Nimeiondoa, nimepakua Simu Mbio Zaidi.

Sijui simu hii ina nini. Nashuku chaja.

Iko kwenye friji, inapoa. Nimechungulia simu ya Mama pale kabatini. Tupu kabisa. Na ina vumbi.