Ulimi wa Jaji Clovis

Ilikuwa saa tano kasorobo ya asubuhi na mlango wa mgahawa wa Verlie ulikuwa bado umefungwa, lakini benchi la nje lilishapata wenyewe, kama kila Alhamisi. Harufu ya unga unaokaangwa ilipita chini ya mlango na kuwatesa watu wazima bila huruma. Clovis Doucet, anayeitwa Jaji, alikaa katikati, kijiko cha mbao kimechomoza mfukoni mwa shati. Kwa kijiko hicho alionja gumbo, ule mchuzi mzito wa kamba na unga uliokaangwa, kwenye mashindano ya kanisa miaka kumi na moja mfululizo, na Jumamosi hii angeonja tena.

"Jamani, tumekwisha," alisema Ovide. Huyu walimwita Gazeti, maana hajawahi kuonekana bila moja mkononi. "Sikilizeni mtu alivyoandika. 'Kwa Verlie nimekula gumbo tamu kuliko zote nilizowahi kula. Siri yake ni nyanya.'"

Mwisho wa benchi, Alcée aliacha kutafuna njiti yake. Alcée ni shemeji yake Jaji. Mwaka juzi Jaji alimtoa kwenye mashindano mbele ya parokia nzima, akidai sufuria yake ina nyanya, na kwa gumbo ya huku nyanya ni haramu.

"Kaandika nani?" aliuliza Jaji.

"Jamaa mmoja wa kaskazini huko."

"Basi muongo. Wale nyanya wanaweka hata kwenye chai."

"Sasa mbona Verlie kaibandika mlangoni?"

Waligeuka wote. Kweli, karatasi ilikuwa pale, imekatwa vizuri na kubandikwa pembe zote nne. Jaji aliisoma mara mbili. Miaka kumi na tisa anakula gumbo hapa, mabakuli mawili kila Alhamisi, na la pili hulifuta kwa mkate.

"Jaji," Gazeti alianza taratibu, kama mtu anayemenya ndizi, "si wewe uliyesema nyanya ikipita tu jirani na sufuria, ulimi wako unawasha?"

"Nilisema."

"Miaka yote hii ulimi ulikuwa likizo?"

"Usinianze, Gazeti."

"Mimi nauliza tu. Father akisikia, Jumamosi kijiko atampa sista."

Hapo ndipo palipomuuma Jaji. Mtu huyu hakuwa na ng'ombe wala mashua. Heshima yake yote mjini ilikaa kwenye kile kijiko. Akatafuta pa kutokea, akaona tundu moja tu, akajipenyeza.

"Nani kawaambia sikujua?" alisema, akavimbisha kifua. "Nilijua siku ya kwanza. Nikanyamaza. Verlie ni mjane, anatafuta riziki yake. Ningemuumbua, angekula wapi?"

"Na mimi mwaka juzi?" aliuliza Alcée. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

"Yako ilizidi, shemeji. Ya huyu mama imetulia. Ukishameza ndiyo unasikia uchachu, tena kwa mbali. Si kila ulimi unaupata."

"Kwa mbali," alisema Gazeti, akikunja karatasi yake.

Mlango ukafunguka. Verlie alisimama hapo na mwiko mkononi, na uso wake ulionyesha wazi kwamba dirisha la jikoni lilikuwa wazi muda wote.

"Uchachu gani huo, Jaji?"

"Usihofu, dada. Siri yako iko salama kwangu."

"Siri ipi? Gumbo yangu haijaingia nyanya tangu mama yangu, Mungu amrehemu, aanze kuipika. Yule bwana alikula kubiyo, ule mchuzi mwekundu wa kambale. Nikamwambia hii ni kubiyo, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuandika gumbo."

"Na karatasi umeibandika ya nini?" aliuliza Gazeti.

"Wageni wanakuja mbio wanataka gumbo ya nyanya. Nawapa kubiyo, wanapiga picha, wanaondoka wameshiba. Nibishane nao, nipate nini?"

Gazeti alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Jaji alitazama viatu vyake. Aibu ilimshika kweli kweli, ya kutamani ardhi ipasuke.

Alcée aliinuka, akamsogelea, akachomoa kile kijiko mfukoni mwake polepole. Jaji hakumzuia.

"Shemeji, tangu mwaka juzi mji mzima unaniita Mzee Nyanya. Hata dada yako, nyumbani kwangu, akikasirika ananiita hivyo. Niliapa mbele ya Father kwamba sikuweka. Sasa niambie, na ile yangu uchachu wake uliusikia kwa mbali?"

Jaji akasogea pembeni, akampisha shemeji yake mlangoni.

"Ingieni, inapoa," alisema Verlie. "Jaji, wewe leo nikupe nini?"

"Chochote," alisema Clovis. "Ila Alcée aonje kwanza."